Madini ya kondoo: ya kulamba, kunywesha, kudunga na kumezesha, yapi yanafaa na yapi yabaki rafuni

Mfuko wa madini ulioandikwa "kwa mifugo yote" haumfai kondoo, hata kama ng'ombe wamenenepa kwa mfuko huohuo. Sababu ni shaba. Ng'ombe na nguruwe huweza kuitoa shaba ya ziada kupitia nyongo. Kondoo uwezo huo anao kidogo mno, na kinachozidi kinarundikana kwenye ini mwezi baada ya mwezi bila dalili yoyote. Fanya hesabu. Jike wa kilo 60 hula takriban kilo 1.5 za chakula kikavu kwa siku. Tuseme majani anayokula yana miligramu 7 za shaba kwa kila kilo: hapo ameshapata miligramu 10.5. Mpe madini ya ng'ombe yenye miligramu 1,500 za shaba kwa kilo, alambe gramu 10 tu, na ameongeza miligramu 15. Jumla ni 25.5, ambayo ukiigawanya kwa kilo 1.5 unapata miligramu 17 kwa kilo ya chakula. Kikomo kinachotumika kwa kondoo ni 15, na pale malisho yanapokuwa na kiasi kidogo cha molibdenamu, madini yanayoizuia shaba isifyonzwe, hata chini ya 15 kuna hatari.

Hesabu hiyo inachukua dakika mbili na kalamu, na ndiyo kipimo tulichokitumia kwa kila bidhaa hapa: je, kondoo atapata kiasi gani hasa kwa siku, na kitadumu mpaka lini? Tumeangalia aina zote zinazouzwa kuziba upungufu wa madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo, yaani seleniamu, kobalti, shaba, madini joto na zinki. Lebo yenye orodha ndefu ya madini haikutuvutia. Kondoo mwenye upungufu hukosa madini ya aina moja au mbili, na bidhaa inayompa yote kumi na mawili humpa pia yale asiyoyahitaji.

Kabla ya kununua chochote

Bidhaa nzuri kuliko zote haifanyi kazi ikiwa tatizo ni minyoo. Mwanakondoo aliyedumaa, mwenye fizi zilizopauka na kinyesi chepesi, ahesabiwe kwanza mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Uvimbe chini ya taya ni dalili ya minyoo wanyonya damu au ya ini lililoshambuliwa na minyoo bapa, si ya ukosefu wa kobalti. Madini mengi yanayonunuliwa kwa ajili ya wanakondoo waliokonda hununuliwa kimakosa kwa sababu hatua hii imerukwa.

Minyoo ikiondolewa kwenye orodha, upungufu wa kila aina ya madini una namna yake ya kujitangaza.

Seleniamu ikikosekana, mwanakondoo wa wiki 2 hadi 6 hutembea miguu ikiwa imekakamaa, husimama amepinda mgongo, kisha hulala na kushindwa kuinuka huku macho yake yakiwa maangavu na akitaka kunyonya. Ukimpasua aliyekufa, misuli ya mapaja na mabega ina michirizi myeupe, kama nyama iliyochemshwa, na michirizi hiyo huwa pande zote mbili za mwili kwa kulingana. Misuli ya moyo ikishambuliwa, mwanakondoo mnene huanguka na kufa baada ya kukimbizwa tu. Hapa vitamini E nayo inahusika: nyasi kavu zilizokaa ghalani miezi mingi zimeshaipoteza, kwa hiyo kundi lililolishwa nyasi hizo muda mrefu linaweza kuugua hata pale seleniamu ilipopungua kidogo tu.

Upungufu wa kobalti humpata zaidi mwanakondoo aliyekwisha kuachishwa kunyonya, na cha kushangaza ni kwamba humpata kwenye malisho ya kijani yanayopendeza macho. Anakula kidogo kila siku, anakonda, machozi yanamtoka na kulowesha manyoya ya mashavu, ngozi ya masikio inakauka na kutoa magamba. Kondoo haitumii kobalti yenyewe. Vijidudu vya tumbo lake la kwanza huigeuza kuwa vitamini B12, na bila vitamini hiyo hawezi kupata nguvu kutokana na chakula alichokula. Ndiyo maana anakonda katikati ya majani.

Historia yake inamfaa yeyote anayesoma lebo. New Zealand na Australia, na hata Kenya ambako maradhi hayo ya ng'ombe yaliitwa Nakuruitis, wafugaji walipoteza mifugo kwenye ardhi zilizoonekana nzuri. Wengi walidhani kinachokosekana ni chuma, kwa sababu mawe fulani ya chuma yalipotolewa kama dawa yaliwaponya wanyama. Mwaka 1935, watafiti Underwood na Filmer huko Australia Magharibi, na Marston na Lines huko Australia Kusini, walionyesha kwamba kilichoponya si chuma bali kobalti kidogo iliyokuwemo ndani ya mawe hayo kama uchafu. Bidhaa ilifanya kazi kwa sababu ambayo muuzaji wake hakuijua.

Shaba ikipungua kwa jike katikati na mwishoni mwa mimba, mwanakondoo huzaliwa akiyumba miguu ya nyuma, au huanza kuyumba akiwa na wiki kadhaa. Neva zake ziliharibika akiwa tumboni, na hakuna bidhaa sokoni inayozirudisha. Kwa kondoo mkubwa, sufu hupoteza mikunjo na kunyooka kama waya, na sufu nyeusi hufifia rangi. Mara nyingi shaba ipo ya kutosha kwenye majani, ila molibdenamu, salfa na chuma huifunga tumboni isifyonzwe. Udongo unaomezwa pamoja na majani mafupi huongeza chuma. Kuweka chokaa shambani hupandisha molibdenamu kwenye majani, na wakati huohuo hushusha kobalti. Mfugaji aliyeweka chokaa nyingi mwaka uliopita anatakiwa kulikumbuka hilo akiwa dukani.

Madini joto yakikosekana utaona rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kwa wanakondoo wachanga, wengine wakizaliwa wamekufa, dhaifu au bila manyoya ya kutosha. Kondoo waliolishwa mimea ya jamii ya kabichi wakati wa mimba wako hatarini zaidi, kwa kuwa mimea hiyo huzuia tezi kuyatumia. Rovu dogo halionekani wala halishikiki kirahisi. Pima tezi ya mwanakondoo aliyekufa, na ikizidi gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake, shuku upungufu. Zinki tunaipitia haraka: ngozi nene yenye magamba kuzunguka macho, pua na juu ya kwato, sufu kunyonyoka, na madume machanga kuchelewa kukua korodani.

Dalili hazitoshi kukufanya utoe pesa. Mwite daktari wa mifugo achukue damu ya kondoo 6 hadi 10 wa kundi moja la umri na malisho, wenye hali ya kawaida ya kundi, wala si yule mmoja anayekufa. Kipimo cha seleniamu kinachotumia kimeng'enya cha chembe nyekundu hukuonyesha hali ya miezi 2 au 3 iliyopita, kwa sababu kimeng'enya hicho huwekwa chembe zinapotengenezwa. Damu inayoonyesha shaba ya kawaida haithibitishi chochote: ini huilinda damu mpaka akiba inapokaribia kwisha, na vilevile ini linaweza kufurika huku damu ikionekana sawa. Kwa shaba, tafuta vipande vya ini kutoka kwa waliochinjwa au kufa. Hatupendekezi bidhaa yoyote yenye shaba bila matokeo ya ini, na hili hatulilegezi.

Mawe na unga wa kulamba

Hizi ndizo bidhaa zinazonunuliwa zaidi, na ndizo tulizozipa alama ndogo kwa kundi lenye upungufu uliothibitishwa. Kondoo hana hisia inayomwambia kwamba amekosa seleniamu. Anachokifuata kwenye jiwe ni chumvi. Katika kundi moja utakuta mmoja analamba gramu 30, mwingine gramu 5, na wa tatu hagusi kabisa. Wastani ulioandikwa kwenye lebo haumhusu hata mmoja wao. Mwanakondoo mdogo, ambaye ndiye mwenye shida, husukumwa pembeni na majike.

Kwa kinga, pale upungufu ulipo mdogo, unga ni bora kuliko jiwe. Jiwe gumu halimpi kondoo kiasi cha kutosha kwa ulimi, na baadhi hujaribu kuling'ata na kuharibu meno. Unga uwekwe kwenye chombo chenye paa, kwa sababu mvua ikiingia hugandamana na kuwa jiwe bovu kuliko jiwe lenyewe, na baadhi ya madini huyeyuka na kuondoka.

Soma lebo kwa utaratibu huu. Tafuta kwanza gramu ambazo kondoo anatarajiwa kula kwa siku. Kama hazijaandikwa, rudisha mfuko, maana namba nyingine zote hazina maana bila hiyo. Kisha zidisha. Gramu 10 za unga wenye seleniamu miligramu 30 kwa kilo humpa kondoo miligramu 0.3 kwa siku. Jike wetu anayekula kilo 1.5 anahitaji kati ya miligramu 0.15 na 0.45, kwa kuwa mahitaji ni 0.1 hadi 0.3 kwa kilo ya chakula. Namba inakubali. Kobalti: mahitaji ni 0.1 hadi 0.2 kwa kilo, yaani miligramu 0.15 hadi 0.3 kwa siku. Unga wenye miligramu 30 za kobalti kwa kilo unamtosheleza. Huko Marekani sheria inaruhusu madini ya kulamba ya kondoo kuwa na seleniamu hadi miligramu 90 kwa kilo, ilimradi kondoo mmoja asile zaidi ya miligramu 0.7 za seleniamu kwa siku. Mfuko wa kiwango hicho unadai umakini mkubwa zaidi kuliko ule wa miligramu 30, wala si bora kwa sababu tu namba yake ni kubwa.

Baada ya namba, tazama majina ya viambato. Shaba ya oksidi ya unga hufyonzwa vibaya, tofauti kabisa na nyuzi za oksidi ya shaba tutakazozieleza mbele. Oksidi ya chuma huwekwa hasa kutoa rangi nyekundu. Haimlishi kondoo chochote cha maana, na wekundu wa jiwe usichukuliwe kuwa dalili ya ubora. Madini joto yakiwa katika muundo wa iodidi ya potasiamu isiyolindwa hupotea kwa jua na unyevu. Iodeti ya kalsiamu hustahimili zaidi. Maneno "haikuongezwa shaba" hayamaanishi "haina shaba", kwa kuwa malighafi nyingine huja na shaba yake. Dai kiasi kilichopimwa.

Halafu pima matumizi, jambo ambalo karibu kila mtu huliacha. Majike 40 wakila gramu 10 kila mmoja kwa siku 7, mfuko unapaswa kupungua kilo 2.8 kwa wiki. Ukipungua kilo 1, kundi limepata theluthi tu, na huenda kuna chumvi nyingine wanayoipata kwingine, hata kwenye maji. Ukipungua kilo 6, sogeza chombo mbali na maji na kivuli. Kundi ambalo halijaona chumvi muda mrefu lipewe chumvi tupu siku chache kwanza, la sivyo litavamia unga na kula dozi ya wiki kwa siku moja.

Dawa za kunywesha

Uzuri wa dawa ya kunywesha ni kwamba kila kondoo hupata, na unajua kiasi. Ubaya wake ni muda. Kobalti inayonyweshwa haikai: vijidudu vya tumboni huihitaji kila siku, na dozi moja ikishapita, imepita. Kwa wanakondoo wenye upungufu wa kobalti unatakiwa kurudia kila wiki 2 au 3, na anayesema dawa yake ya maji inalinda msimu mzima kwa kobalti anaahidi kisichowezekana. Kwa seleniamu hali ni nzuri zaidi, kwa sababu mwili huiweka kwenye misuli na ini, na dozi hubeba mnyama kwa wiki kadhaa. Iodidi ya potasiamu, miligramu 280 kwa jike, wiki 8 na tena wiki 4 kabla ya kuzaa, ni kinga inayojulikana dhidi ya rovu, nayo tunaipendekeza bila kusita kwa kundi lililolishwa jamii ya kabichi. Shaba ya kunywesha hatuipendekezi: inaingia kwa kishindo, inaondoka mapema, na ukikosea dozi huna njia ya kuirudisha.

Kosa kubwa hapa hutoka kwenye dawa za minyoo. Kwa minyoo, wengi wamefundishwa, na kwa haki, kupima dozi ya kundi kwa kufuata mnyama mzito kuliko wote. Kanuni hiyo usiilete kwenye seleniamu. Ukimpa mwanakondoo wa kilo 15 dozi ya mwenzake wa kilo 35, umempa zaidi ya mara mbili. Wagawe kwa uzito, wapime kwa mizani, weka dozi ya kila fungu. Tena, baadhi ya dawa za minyoo na hata baadhi ya chanjo zimeongezwa seleniamu tayari. Ihesabu kabla ya kufungua chupa ya pili.

Bomba la kunyweshea lipimwe kabla ya kazi: weka dozi ya mililita 5, bonyeza mara 10 ndani ya chombo chenye alama, uone kama zinatoka 50. Zikitoka 43, mpira wa ndani umechakaa. Ncha ipite pembeni mwa mdomo juu ya ulimi, kichwa cha kondoo kikiwa usawa wake wa kawaida. Ukikiinua pua ikatazama juu, maji huingia mapafuni, na kondoo hufa kwa mapafu siku kadhaa baadaye huku lawama zikienda kwa dawa.

Sindano

Kwa mwanakondoo mwenye misuli myeupe tayari, sindano ya seleniamu na vitamini E ndiyo bidhaa pekee tunayoiamini, kwa sababu ni ya haraka na haipitii tumbo ambalo bado halijakomaa. Aliyekakamaa miguu akidungwa mapema huweza kusimama tena ndani ya siku chache. Yule ambaye moyo umeshaumia mara nyingi hapati muda huo. Mpunguzie kutembea wakati anapona.

Dozi ya kawaida ni karibu miligramu 0.05 hadi 0.06 za seleniamu kwa kilo ya uzito, na kwa wachanga fuata dozi maalumu ya lebo. Hatari iko kwenye chupa yenyewe. Zipo chupa zenye miligramu 1 kwa mililita na nyingine zenye miligramu 5 kwa mililita, zinafanana sura na zimetengenezwa kwa wanyama tofauti. Mililita 1 ya ile kali kwa mwanakondoo wa kilo 10 ni miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachoweza kumuua. Hupumua kwa shida, hutoa povu, hulala, na hakuna dawa ya kuiondoa seleniamu iliyokwisha kuingia. Soma miligramu kwa mililita kwa sauti kabla ya kuvuta dawa, na usidunge kundi ambalo limenyweshwa au kumezeshwa seleniamu bila kujumlisha vyote.

Zipo pia sindano za seleniamu ya kudumu, zenye selenati ya bariamu, ambazo hutoa seleniamu polepole kwa muda wa hadi mwaka. Kwa majike wa kuzalisha ni bidhaa nzuri: dunga kabla ya kupandisha, na mama atampitishia mwanakondoo. Zinaacha kibonge chini ya ngozi chenye mabaki mengi, kwa hiyo ni juu ya shingo, nyuma ya sikio, na si kwa mwanakondoo anayekaribia kuchinjwa.

Vitamini B12 ya sindano tumeiweka juu kabisa kwa tatizo la kobalti la wanakondoo. Inaruka hatua ya vijidudu, inampa mnyama kile kitu chenyewe anachokikosa, na hamu ya kula hurudi kabla hujaona mabadiliko ya uzito. Miligramu 2 kwa mwanakondoo ni dozi ya kawaida, na ile isiyo ya kudumu humlinda wiki 4 hadi 6 hivi. Ni salama sana. Ukizidisha kidogo, hutamdhuru. Udhaifu wake ni kwamba lazima uwakusanye tena.

Vidonge vizito vya kukaa tumboni

Bolasi, yaani kidonge kizito kinachotua tumbo la pili na kuyeyuka polepole, ndilo wazo bora kuliko yote kwa kundi lisilokusanywa mara kwa mara. Lilianza na vidonge vizito vya kobalti vilivyoitwa risasi, vilivyobuniwa Australia miaka ya 1950. Risasi hizo zilikuwa na kasoro mbili: baadhi zilicheuliwa na kutemwa, na nyingine zilivikwa gamba la chokaa tumboni, kobalti ikafungiwa ndani. Suluhisho lilikuwa kumezesha pamoja nazo skrubu ya chuma ili visuguane. Bolasi za kioo kinachoyeyuka zilizokuja baadaye hazina shida hiyo ya gamba, kwa kuwa kioo chenyewe ndicho dawa: kinapoyeyuka juu, madini yaliyomo hutoka kwa kasi ileile, kwa miezi kadhaa hadi 6, na mwisho hakibaki kitu.

Kwa seleniamu na kobalti kwa pamoja, kwa majike, hakuna kinachoishinda. Lakini kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kulipa. La kwanza, bolasi nyingi za kioo zina shaba ndani. Ikiwa vipimo vimeonyesha kobalti tu inakosekana, tafuta ile yenye kobalti, seleniamu na zinki au madini joto bila shaba. Ipo, ila muuzaji hukupa aliyonayo rafuni. Bolasi ikishamezwa huwezi kuitoa. La pili, kila bolasi ina uzito wa chini wa mnyama ulioandikwa kwenye pakiti. Ya jike haipunguzwi kwa kuivunja, na ya mwanakondoo haimfai ambaye tumbo lake halijaanza kufanya kazi au koo lake ni jembamba.

Vifo vinavyosingiziwa bidhaa hii mara nyingi husababishwa na mkono wa anayemezesha. Tumia kifaa cha kumezesha kilichotengenezwa kwa bolasi hiyo, chenye ncha laini isiyo na mikwaruzo. Kagua ncha kila baada ya wanyama kadhaa, maana plastiki iliyong'atwa huwa na makali ya kupasua koo. Msimamishe kondoo akiwa amebanwa nyuma dhidi ya ukuta, kichwa usawa, shingo imenyooka. Ingiza kupitia pembe ya mdomo, ipite juu ya mgongo wa ulimi, ngoja. Atatafuna kidogo na kuanza kumeza; hapo ndipo unaachia, wala si kabla. Ukihisi ukinzani, toa uanze upya. Kusukuma kwa nguvu hutoboa nyuma ya koo, na siku chache baadaye unamwona kondoo amevimba shingo, anatoa harufu mbaya mdomoni, hali chakula. Baada ya kuachia, shika taya limefungwa kwa muda mfupi na utazame koo likimeza. Waliomaliza wabaki kwenye zizi safi kwa dakika kadhaa, kisha chunguza sakafu: bolasi iliyotemwa iko hapo chini, na sufu yenye alama ya rangi itakusaidia kujua nani hajamezeshwa. Bolasi iliyopasuka usiitumie.

Kapsuli za nyuzi za shaba

Kapsuli ya jelatini imejaa vijiti vidogo vya oksidi ya shaba. Jelatini huyeyuka, vijiti hushuka na kunasa kwenye mikunjo ya tumbo la nne, ambako tindikali huvila taratibu. Kwa kuwa shaba hutolewa baada ya kulipita tumbo la kwanza ambako molibdenamu na salfa huifunga, njia hii hufanya kazi pale ambapo shaba ya kwenye unga ilishindwa. Kwa upungufu wa shaba uliothibitishwa, ni chaguo letu la kwanza, mbele ya bolasi, mbele ya sindano. Kapsuli za gramu 2 hutumika kwa wanakondoo na za gramu 4 kwa majike, na kwa kuzuia wanakondoo wanaoyumba, jike apewe ifikapo nusu ya mimba. Akishakaribia kuzaa umechelewa. Isitafunwe, kwa hiyo nayo humezeshwa kwa kifaa.

Watu wengine huzitumia kwa dozi ndogo kupunguza minyoo wanyonya damu, na kweli huwapunguza. Shaba hiyo inahesabika. Kundi lililopewa kwa ajili ya minyoo na likapewa bolasi yenye shaba msimu uleule limepewa mara mbili. Kondoo wa aina ya Texel huihifadhi shaba kuliko aina nyingine nyingi na hufa kwa kiasi ambacho hakimdhuru Merino. Kwa Texel na machotara wake usimezeshe bila matokeo ya ini. Shaba ikizidi, hakuna onyo. Siku moja, baada ya safari, baridi au kukosa chakula, ini huachia akiba yote, kondoo hudhoofika ghafla, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, na ndani ya siku moja au mbili amekufa. Mmoja akifa hivyo, ondoa kila chanzo cha shaba siku hiyohiyo na umwite daktari kwa ajili ya waliobaki. Wanaoonekana wazima wana maini kama ya yule aliyekufa, na kwao molibdeti, yaani chumvi ya molibdenamu, inayotolewa kwa usimamizi wa daktari bado inaweza kusaidia.

Namna ya kujua kama ulichonunua kimefanya kazi

Tenga wanakondoo 40 wa umri na malisho sawa, wavishe hereni zenye namba, wapime. Wapange kwa uzito na uwagawe wawili wawili: katika kila jozi mmoja apewe bidhaa, mwingine asipewe, mpaka wawe 20 kwa 20. Wote walishwe pamoja, wote wapewe dawa ya minyoo siku moja. Wapime tena baada ya wiki 6, saa ileile ya siku, kwa sababu tumbo lililojaa asubuhi na lililokaa njaa hutofautiana kwa kilo nzima au zaidi. Ukiona waliopewa wamewazidi wenzao kilo 2, mpe aliyebaki leo hiihii. Wakilingana, bidhaa hiyo haikuziba pengo lolote kwenye malisho yako msimu huu, hata kama lebo yake ni ya kweli neno kwa neno. Rudia jaribio msimu majani yanapobadilika, kwa maana kobalti ya majani yanayokua upesi si sawa na ya majani yaliyokomaa.